Damu ya Kobe Sajini

NUSURA: Haloo? Nani mwenzangu?

WAMALWA: Ni Wamalwa, wa kliniki ya wanyama, Kansanga.

NUSURA: Subiri. Ngoja kwanza nikae.

WAMALWA: Salaam aleikum, dada Nusura. Habari za Kawempe?

NUSURA: Waleikum salaam. Majibu ya kobe yametoka, si ndiyo?

WAMALWA: Yametoka. Umeshindaje lakini?

NUSURA: Usinisalimie sana, daktari. Yule wa hospitali naye, siku ile ya mama, alianza hivyo hivyo. Umeshindaje, umekula nini—

WAMALWA: Pole. Basi—

NUSURA: Atakufa?

WAMALWA: Sijasema hivyo.

NUSURA: Hujakataa pia.

WAMALWA: Sajini yuko wapi saa hii?

NUSURA: Hapa, chini ya kitanda cha mama. Amefumba macho. Jana papai hakuligusa. Papai, daktari! Huyu ambaye mama alikuwa akimfichia papai juu ya kabati kama mtoto mwizi.

WAMALWA: Anapumuaje?

NUSURA: Kama kobe.

WAMALWA: Dada.

NUSURA: Mdomo wazi. Tangu asubuhi.

(mtandao unakwaruza)

WAMALWA: ...unanisikia? Nasema, ile damu niliyomtoa shingoni nimeipima protini. Ukizijumlisha zote ziko sawa. Ningeishia hapo, ningekuambia nenda ukalale. Lakini nikazitenganisha.

NUSURA: Halafu?

WAMALWA: Zinatoka kwenye karatasi kama vilima. Kilima cha kwanza ni protini ya kuutunza mwili. Kwa kobe mzima hicho ndicho kirefu. Cha Sajini kimebomoka. Vile vya nyuma, vya kupigana na ugonjwa, vimepanda kama mlima wa Kololo.

NUSURA: Banange, mimi na Kololo wapi na wapi? Niambie kitu nielewe.

WAMALWA: Mwili wake uko vitani. Na si vita vya jana. Vya miezi.

NUSURA: Miezi? Mbona alikuwa anatembea? Kila asubuhi anakagua nyumba, mlango kwa mlango, ndiyo maana mama akamwita Sajini—

WAMALWA: Kobe huficha ugonjwa. Ndiyo maana tunauliza damu.

NUSURA: Na damu imesema anaumwa wapi?

WAMALWA: Hapo damu imenyamaza. Huo mdomo wazi ndio unaosema. Nadhani ni mapafu.

NUSURA: Hapana. Mimi nalala chumba hiki hiki. Hajakohoa hata usiku mmoja. Ningesikia!

WAMALWA: Kobe hana nguvu ya kukohoa, dada. Kinachoingia kifuani kinakaa humo humo. Haloo?

NUSURA: Nipo.

WAMALWA: Mnapikia ndani?

NUSURA: Sigiri ya makaa iko uani.

WAMALWA: Kuna mvuta sigara?

NUSURA: Sigara? Kwa nyumba ya mama yangu?

WAMALWA: Ile dawa ya mbu ya kuwasha?

NUSURA: Tuna neti, daktari.

WAMALWA: Basi kuna moshi gani humo? Maana upo. Siku ile mlipokuja, gamba lake lilikuwa linanukia.

NUSURA: Huo si moshi. Ni bakhuri, udi wa kufukiza.

WAMALWA: Bakhuri.

NUSURA: Kwetu Wanubi, mama akiondoka, chumba chake kinafukizwa kila jioni mpaka arobaini. Roho yake isitoke mikono mitupu.

WAMALWA: Na dirisha?

NUSURA: Linafungwa. Ukifungua, harufu si itatoka?

WAMALWA: Na Sajini?

NUSURA: Anakaa na mimi. Tunakaa wote.

WAMALWA: Kwani arobaini ya mama haijaisha?

NUSURA: Iliisha.

WAMALWA: Lini?

NUSURA: Kabla ya Ramadhani.

WAMALWA: Dada Nusura. Tumeshakula Idi zote mbili.

NUSURA: Najua tumekula! Mimi ndiye niliyepika! Hii bakhuri mama aliichanganya kwa mikono yake, daktari. Sandali, karafuu, na kitu kingine hakumwambia mtu. Shangazi zangu wamejaribu, haitoki. Nikiifukiza, Sajini anatoa kichwa, anainua shingo juu kabisa. Nikasema, tazama, anamnusa mama. Anafurahi.

WAMALWA: Dada—

NUSURA: Daktari? Hakuwa anafurahi?

WAMALWA: Alikuwa anatafuta hewa.

NUSURA: Ya Rabi. Nimemuua.

WAMALWA: Hujamuua. Vile vilima vya nyuma bado vimesimama. Kobe aliyeshindwa, hata vilima hivyo vinalala.

NUSURA: Unasema kweli ama unanituliza?

WAMALWA: Nusu nusu. Ndiyo maana namtaka hapa leo, tumwanzishie sindano. Lakini kwanza, fungua dirisha.

NUSURA: Daktari, kopo limebaki na chenga tu. Hewa iliyomo humu ndiyo—

WAMALWA: Najua.

NUSURA: Hujui!

WAMALWA: Haya, sijui. Fungua, dada.

(kitasa kinagonga, kinagonga tena)

NUSURA: Limeshika kutu... Limefunguka.

WAMALWA: Vizuri. Sasa mtoe chini ya kitanda. Mfunge nguo, upande boda, na boda aende polepole.

NUSURA: Gurbaba ya mama, ile shuka yake, iko hapa. Alikuwa akijifunga Ijumaa. Namfunga nayo.

WAMALWA: Inanukia?

NUSURA: Inanukia.

WAMALWA: Basi hapana. Chukua yako.

NUSURA: Yangu inanuka sabuni tu.

WAMALWA: Hiyo hiyo. Kichwa kikae juu, usimlaze. Upesi, salio langu linaisha—

NUSURA: Nimembeba. Uwii, mzito! Amefungua jicho, daktari. Moja. Ananitazama.

WAMALWA: Njoo naye.

NUSURA: Daktari, harufu inatoka.

WAMALWA: Iache, dada. Iache ito—

NUSURA: Kumbe inatoka upesi hivi? Daktari? Haloo? Nakuja. Usifunge kliniki, nakuja naye! Haloo?