Khaemba na Kisu Kilichongoja Chai

Leo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956, Bwana Joash Khaemba anaivua aproni yake ya ngozi baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu hapa Nakuru. Ameivua mara nyingi hapo awali, hasa alipokasirika, lakini leo hataivaa tena.

Aliingia kazini mwaka wa 1929 akiwa mpiga nyundo, akapanda hadi kuwa fundi wa tanuri, mwenye kuamua ni chuma kipi kinachofaa kuwa kisu cha mashine ya kukatia mabati. Hukigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea, akazitazama cheche. Zikipasuka kama nyota, chuma hicho kitashika makali. Zikiwa chache na zilizonyooka, hukifanya bawaba za lango. Unyenyekevu si miongoni mwa vipawa vyake. Ametutangazia mara kwa mara kwamba kati ya hapa na Kisumu hakuna jicho kama lake, na huimba nyimbo za kanisani mbele ya moto kwa sauti iliyowafundisha majirani wetu wa ghala la pareto kufunga madirisha.

Chuma kitokacho motoni na kutumbukizwa katika mafuta huwa kigumu, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena polepole juu ya mchanga wa moto, nacho hubadili rangi. Majina ya rangi hizo ni ya Khaemba mwenyewe: ngano ya Njoro, kisha chai, kisha zambarau, kisha buluu. Kisu cha mabati hutolewa kwenye chai. Kikifika buluu kimelainika, na makali yake hulala.

Mwaka wa 1951 visu viwili vilimeguka kwa mfululizo, na meneja akakata shauri: kisu kimoja zaidi kikishindwa, tanuri lizimwe na visu viagizwe Uingereza. Asubuhi ya jaribio la kisu hicho Khaemba aliitwa ofisini ghafla. Akamwachia kazi Bwana Kipkoech, fundi wa matangi, kwa agizo moja: “Ikifika chai, toa!”

Laiti angesema “kikifika”, sarufi ingetuokoa. Kipkoech alisimama imara kama askari wa zamu. Ngano ikapita, hudhurungi, ndiyo chai ya Khaemba, ikapita, zambarau ikapita. Kengele ya saa nne ikalia, birika likaletwa, naye akakitoa kisu kwa utiifu mkamilifu, kisha akajimiminia kikombe.

Khaemba aliporudi, karakana nzima ilisikia yaliyofuata. “Bwana Kipkoech, umenipikia kisu cha kupakia siagi!” Kipkoech akajibu, bila kuweka kikombe chini, kwamba kwao Kericho chai hunywewa, haitazamwi.

Khaemba angeweza kukitia moto upya upesi upesi kabla ya meneja kufika. Lakini chuma kinachoharakishwa hivyo hupasuka. Akaenda kuomba siku moja. Meneja, ambaye kicheko hakikuwa desturi yake, alimpa siku hiyo, akaongeza kwamba ndiyo ya mwisho. Khaemba akakipasha kisu hadi kikawa chekundu, akakizika katika majivu kipoe taratibu, na kesho yake akaanza upya, Kipkoech kando yake akionyeshwa ile chai isiyonyweka. Alasiri kisu kilikata bati baada ya bati bila kumeguka. Meneja akaukagua ukingo wake, akatamka kwamba tanuri lisizimwe.

Mabati yaliyokatwa kwa kisu kile ni matangi yanayokinga mvua Olenguruone hadi leo, naye Kipkoech hajaondoka tanurini tangu siku ile.

Tunamshukuru Mama Milcah kwa kutuazima mumewe muda wote huu, sasa tunamrudisha. Bwana Khaemba, huko Kimilili shamba likuitikie, mwili usikugomee, na kila mapambazuko yakukute na furaha. Jumatatu asubuhi Kipkoech atawasha tanuri. Lipo la kuwashwa kwa sababu wewe hukuona haya kuomba siku moja.