Hita au Mlima

MJOMBA: Haloo? Ni nani?

DEREVA: Ni mimi, Mjomba. Shikamoo.

MJOMBA: Mimi nani? Namba siijui.

DEREVA: Mpwa wako. Dereva wa zahanati. Mjomba, sikiliza—

MJOMBA: Ala! Dereva wa zahanati! [anacheka] Leo jua limechomoza upande gani? Au halijachomoza kabisa, maana siku ya tatu hii ukungu umekalia paa langu.

DEREVA: Mjomba, nimekwama.

MJOMBA: Sema tena, mtandao unakwaruza.

DEREVA: Nimekwama! Kona ya Mawe. Kimya amezima katikati ya mlima.

MJOMBA: Kimya amezima. Sasa umejuaje kwamba amezima? Hilo gari lenu la umeme hata likiwaka halisemi kitu.

DEREVA: Mjomba, tafadhali, nina mgonj—

MJOMBA: Ngoja kwanza nifurahi, mpwa. Miezi sita naingojea simu hii. Nani alisimama mbele ya kamati ya zahanati akasema zama za Mjomba zimepita pamoja na moshi wake?

DEREVA: Ni mimi.

MJOMBA: Sikusikia.

DEREVA: Ni mimi, Mjomba. Nilisema.

MJOMBA: Na mimi nikasema nini?

DEREVA: Ulisema tusubiri ukungu uje ndipo tulisifu.

MJOMBA: Na nikasema siku likikukwamia, usinipigie. Watu wakacheka, na wewe ukacheka nao. Asiyesikia la mkuu—

DEREVA: Ni Kitinda, Mjomba! Huyu niliyembeba nyuma ni Kitinda!

[mkwaruzo]

MJOMBA: Kitinda yupi?

DEREVA: Binti yako. Kitinda wetu.

MJOMBA: Acha mchezo. Kitinda bado ana mwezi mzima. Mama yake amehesabu.

DEREVA: Amejifungua alfajiri, pale zahanati. Mtoto wa kike, mzima, yuko kwa mama mkwe wake. Umepata mjukuu. Lakini mwenyewe damu haikati. Nesi yuko naye nyuma, anamkanda tumbo. Anatakiwa aongezwe damu, na damu iko hospitali. Mjomba, uko?

MJOMBA: Niko.

DEREVA: Hospitali nimewapigia. Gari lao liko safari nyingine, wanasema mpaka saa mbili zipite. Wewe ndiye wa karibu.

MJOMBA: Kona ya Mawe? Basi mmepita hapa. Mmepita mlangoni kwangu.

DEREVA: Tulipita.

MJOMBA: Nilikuwa nje nakata kuni. Sikusikia gari.

DEREVA: Kimya hasikiki, Mjomba. Na ukungu ule… hata nyumba yako sikuiona.

MJOMBA: Binti yangu anapita mlangoni kwangu anavuja damu, na mimi nakata kuni! Kwa nini hamkusimama?

DEREVA: Yeye ndiye aliyekataa. Alisema, "Tusimtie Baba hofu. Tutampitia tukirudi, nimshtue na habari njema."

MJOMBA: [pumzi] Ninakuja. Mama Kitinda! Mama Kitinda, acha hilo jiko, vaa koti! … Mpwa, usikate simu.

DEREVA: Sikati. Salio ni dogo, lakini sikati.

MJOMBA: Natembea. Nakwenda bandani kumwasha Mkongwe. Dizeli iko, nusu tanki. Ninyi mmebakiwa na nini?

DEREVA: Asilimia nne. Ikifika nne anagoma kupanda. Anakuwashia taa nyekundu, anakaa.

MJOMBA: Uliondoka na ngapi?

DEREVA: Hamsini na tano. Siku tatu bila jua, paneli hazikuleta kitu, na hicho kidogo tunagawana na friji ya chanjo. Nikasema mteremko utanirudishia kidogo, na kweli ulinirudishia. Pale darajani nilikuwa na ishirini na moja. Kiangazi, kwa ishirini na moja, mlima huu napanda, nafika hospitali, nashusha mgonjwa, narudi nyumbani.

MJOMBA: Sasa zimekwenda wapi?

DEREVA: Baridi, Mjomba. Betri yenyewe inaganda kama mzee. Na tena…

MJOMBA: Na tena nini?

DEREVA: Hakuna. Wewe njoo.

MJOMBA: Nimefika bandani. Fungua mlango huo, Mama Kitinda, usinitazame hivyo! … Lahaula.

DEREVA: Nini?

MJOMBA: Betri.

DEREVA: Betri imefanya nini?

MJOMBA: Haimo. Niliitoa siku ileile ya kikao. Niliporudi nimekasirika nikaing'oa, nikaiweka sebuleni, inawasha taa na redio. Nikajiambia Mkongwe hatawabeba tena hata mje kwa magoti.

DEREVA: Mjomba…

MJOMBA: Najua! Unadhani sijui? Inaletwa, inaletwa. Lete hapa, Mama Kitinda, shika kwa chini. Redio imelia usiku kucha, sijui imebaki na nini. Anaendeleaje?

DEREVA: Nesi anasema mapigo yanakwenda mbio. Anazungumza kidogo kidogo.

MJOMBA: Anasema nini?

DEREVA: Anauliza kama mtoto amenyonya.

MJOMBA: Mwambie amenyonya.

DEREVA: Sijui kama—

MJOMBA: Mwambie amenyonya! Mwambie anafyonza kama ndama!

DEREVA: [kwa mbali] Kitinda, Baba anasema amenyonya. Anafyonza kama ndama. … Ametabasamu, Mjomba.

MJOMBA: Ee, huyo ndiye wangu. Haya, napiga stata.

[stata inakwaruza mara moja]

DEREVA: Vipi?

MJOMBA: Kakohoa mara moja, basi. Dizeli na baridi nao si ndugu, nisikudanganye. Ule mzaha wote wa pale mwanzo, mpwa, ulikuwa wa mtu mwenye betri sebuleni. … Jirani! Jirani eee! Njooni msukume! Acha chai, njoo na wote walioko humo! Nitamwachia aserereke mpaka barabarani, gia ya pili, ataamka tu.

DEREVA: Fanya haraka, Mjomba. Nakuomba. Haraka.

MJOMBA: Wanakuja. Umeweka mawe nyuma ya magurudumu?

DEREVA: Nimeweka.

MJOMBA: Hapo mlipo, nyuma kuna joto? Barafu iko mpaka kwenye majani leo.

DEREVA: Lipo. Hita inawaka.

MJOMBA: Hita ipi?

DEREVA: Ya gari.

MJOMBA: Inakula betri hiyohiyo?

DEREVA: Hiyohiyo.

MJOMBA: Iliwaka tangu wapi?

DEREVA: Tangu zahanati.

MJOMBA: Mwenyezi Mungu! Njia nzima? Mtu ana betri ya kupandia mlima, anaota moto nayo? Ungezima ungepanda!

DEREVA: Ningepanda. Najua. Pale darajani niliizima, Mjomba, hata dakika tano hazikuisha. Kitinda akaanza kutetemeka mpaka machela inagonga bodi. Akaniambia, "Kaka, nasikia baridi." Nesi akapiga kelele nyuma, anasema washa, mwili ukipoa damu haigandi, itazidi kutoka. Nikasema nikiwasha hatufiki. Akasema nisipowasha tutafika na maiti. Ungefanya nini? Niambie wewe uliyeendesha miaka ishirini, ungefanya nini?

[mkwaruzo mrefu]

MJOMBA: Mkongwe hakuwa na jambo hilo. Injini yenyewe ni jiko. Nilikuwa nawaleta wazazi miguu wameiegesha pale kwenye injini, joto la bure.

DEREVA: Mkongwe alipokuwa na dizeli, ndiyo.

MJOMBA: Alipokuwa nayo, eeh.

DEREVA: Sikukusudia, Mjomba.

MJOMBA: Ulikusudia, na una haki. Mama yako alikuwa dada yangu. Siku mbili kalala pale zahanati, na mimi nimekaa kwenye usukani wa gari zima lenye tanki kavu, nangoja dumu lije kutoka mjini. Sijawahi kukwambia pole ya msiba. Nilikuambia "mapenzi ya Mungu" nikaenda zangu.

DEREVA: Ndiyo maana nilililia lile gari la jua. Si moshi wako. Nilitaka tu tusiwe watu wa kungoja dumu.

MJOMBA: Na sasa tunangoja jua. … Haya, wameshafika. Jirani, shikeni bodi! Mama Kitinda, panda mbele! Mpwa, nakuweka spika, mikono yangu inahitajika. Moja, mbili, sukumeni! Sukumeni jamani, ni mwanangu huyo! Bado… bado… naachia klachi—

[mlio wa injini]

DEREVA: Amewaka?

MJOMBA: Amewaka! Sikia! Sikia anavyokohoa, mzee wa watu! Nimeingia barabarani. Dakika ishirini, mpwa. Kumi na tano. Mwambie Kitinda baba yake anakuja na moshi wake wote!

DEREVA: Kitinda! Mkongwe amewaka! Baba yuko njiani!

MJOMBA: Anasikia?

DEREVA: Amefumbua macho. Mjomba, kimbia.

MJOMBA: Nakimbia. Na hiyo hita, nilisema vibaya. Usiizime, umenisikia? Hata ikimaliza yote, gari tutalivuta kwa kamba. Usiizime.

DEREVA: Siizimi.

MJOMBA: Mama yake yuko hapa kando yangu. Anasema ainuliwe miguu juu.

DEREVA: Imeinuliwa, Mama. Iko juu ya begi la nesi. Na nimemfunika koti langu.

MJOMBA: Anauliza mjukuu kafanana na nani.

DEREVA: Uso haujafunguka vizuri bado, Mama, lakini kidevu ni cha Mjomba.

MJOMBA: Masikini mtoto wa watu! [anacheka, anakohoa] Umesikia, Mama Kitinda? Kidevu changu. Atakuwa mbishi huyo. … Nakaribia daraja. Barabara inateleza, lakini Mkongwe anaijua.

DEREVA: Sawa.

MJOMBA: Zungumza naye, asilale.

DEREVA: Nesi anazungumza naye. Subiri, ananiita. Naweka simu kwenye kiti.

[hatua, mlango, sauti ya mwanamke kwa mbali]

MJOMBA: Mpwa? … Mpwa, uko? … Hakuna neno, Mama Kitinda, ni mtandao. Darajani hapa huwa unakatika. … Haloo? Nimelivuka daraja. Naanza mlima. Haloo!

[mlango]

DEREVA: Mjomba.

MJOMBA: Ee! Ulikwenda wapi? Naanza mlima, dakika nane, kumi. Mkongwe anavuta kama kijana.

DEREVA: Njoo taratibu, Mjomba.

MJOMBA: Taratibu? Si umeniambia nikimbie?

DEREVA: Barabara inateleza. Njoo tu taratibu.

MJOMBA: Hii barabara nimeipita ukungu wa miaka ishirini, unanifundisha leo? Nitafika sasa hivi, tumhamishe—

DEREVA: Mjomba, toa spika.

MJOMBA: Nini?

DEREVA: Toa spika. Weka simu sikioni.

MJOMBA: Niko kwenye usukani, mpwa.

DEREVA: Simama kidogo. Usizime injini, simama tu.

[breki, injini inaunguruma]

MJOMBA: Nimesimama. … Hakuna kitu, Mama Kitinda, anataka kunielekeza njia. Haya, nimetoa spika. Sema.

DEREVA: Nimezima hita.

MJOMBA: Nilikwambia usizime.

DEREVA: Ulinambia.

MJOMBA: Kitinda anasikia baridi, wewe umesema mwenyewe. Washa. Washa hita, mpwa.

DEREVA: Hasikii tena, Mjomba.

[injini]

DEREVA: Nesi bado amemshika mkono. Alikuwa anaulizia kanga ya mtoto, ile ya njano. Kaiuliza mara mbili. Halafu… Mjomba, nilipozima tu hita, Kimya ameandika kilomita mbili. Ameniandikia hapa kwenye kioo kwamba sasa anaweza kwenda kilomita mbili. Ninazitazama. Nataka nichukue jiwe nikivunje hiki kioo.

MJOMBA: Eeh.

DEREVA: Nisamehe. Ningezima pale darajani. Au ningesimama mlangoni kwako. Ningepiga hata honi.

MJOMBA: Eeh. Eeh, nimekuelewa. … Anasema anapumzika, Mama Kitinda. Ndiyo. Funga koti, baridi inaingia.

DEREVA: Mama hajui?

MJOMBA: Hapana. Hiyo tutaifanya tukifika. Nitamshusha mimi mwenyewe.

DEREVA: Mjomba, salio linalia. Dakika haifiki.

MJOMBA: Ngoja. Asubuhi hii kuna kitu umenipa nikakikalia.

DEREVA: Nini?

MJOMBA: Ulinipa shikamoo.

DEREVA: …Ndiyo.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Marahaba. Mfunike vizuri. Ninakuja tara—

[simu inakatika]