Spès Barampama, Mama Aliyekataa Kuitikia Orodha

Wapendwa wa familia, waumini wenzake, majirani wa mtaa wetu wa Yeoville hapa Johannesburg, na ninyi mliokuja na sare za kazi kwa sababu ruhusa ilikuwa ya saa mbili tu, asanteni kwa kumsindikiza. Haya ni maisha ya mama yetu kama alivyomsimulia binti yake Joséline, na mengine kama Joséline alivyoyaona mwenyewe.

Marehemu Spès Barampama alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, kwenye kilima kimoja juu ya Rumonge, kusini mwa Burundi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mwalimu Thaddée Ntirandekura na mkewe Verédiana. Michikichi ilifika mpaka mlangoni. Kwenye mkono wake wa kushoto alikuwa na kovu la mafuta ya mawese yaliyomrukia akiwa na miaka minne, na wajukuu walipomuuliza ni nini alisema, "Hiyo ndiyo ramani ya kwetu."

Alianza shule mwaka 1970, shule ileile aliyofundisha baba yake. Nyumbani alikuwa baba, darasani alikuwa mwalimu, wala hakuvichanganya. Kila asubuhi alifungua daftari akasoma majina, na kila mtoto alisimama akajibu kwa Kifaransa, "Présent," yaani nipo. Aliyejibu kwa kunong'ona alirudia mpaka wa benchi la nyuma asikie. Siku moja Spès alijibu, "Si unaniona, baba?" Darasa zima likacheka. Alifagia darasa wiki nzima, na jioni ya kwanza baba yake alimsaidia kwa siri, kisha akamwambia asimwambie mtu.

Mwezi Mei 1972, siku ya Jumanne kabla ya mapumziko, lori lilisimama kwenye uwanja wa shule. Mtu mmoja alishuka na karatasi akaanza kusoma majina. La tatu lilikuwa la Thaddée Ntirandekura. Mwalimu alikuwa ameshika chaki. Aliiweka mezani, akafuta vidole, akasimama wima mbele ya wanafunzi wake na kujibu, "Présent." Akaenda kupanda lori. Spès alikuwa na miaka minane. Hakumwona tena, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kaburi.

Wiki iliyofuata mama yake alimpa kidumu cha mawese ampelekee mama yake mdogo, Pélagie, mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, akampakia kwenye gari la mfanyabiashara mmoja waliyefahamiana. Ndiyo sababu alibaki hai. Mwezi ulipoisha, mauaji ya mwaka ule yalikuwa yamechukua watu tisa wa nyumba ile juu ya Rumonge. Mama Pélagie alimwita jikoni akamwambia, "Mwanangu, ukiulizwa ni mtoto wa nani, sema ni wangu. Na ukitaka kulia, chukua kitunguu ukate." Shule ikaishia hapo, darasa la pili. Mama huyu alikata vitunguu vya harusi na vya misiba ya Buyenzi yote, na watu walimsifu kwa bidii yake.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Bertrand Nduwayo, fundi cherehani, mtu mpole aliyepima nguo mara tatu kabla ya kukata. Mwaka uliofuata walikimbilia Kigoma. Joséline alizaliwa kambini mwaka 1996 na Thierry mwaka 1999. Bertrand alifariki huko tarehe 2 Februari 2007 kwa malaria. Mwaka 2009 Spès alipanda basi baada ya basi na watoto wawili na kichwa cha cherehani ndani ya blanketi, mpaka Johannesburg.

Hapa ndipo watoto walipomjua mama yao vizuri. Kwenye ofisi ya wakimbizi majina yanasomwa kwenye karatasi. Spès alikuwa akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, kwa sababu jina lake likisomwa hakuitika. Aliangalia chini kama ameitwa mtu mwingine. Mara tatu walirudi nyumbani bila kibali. Mara ya nne Joséline, mwenye miaka kumi na tatu, aliinua mkono akasema, "Yupo." Tangu siku hiyo kila penye orodha, hospitalini, ofisini, hata mgao wa unga kanisani, Joséline ndiye aliyemwitikia. Alimkasirikia sana. Alidhani mama yake anaona haya kwa sababu hajasoma.

Oktoba 2013 marehemu alipata kazi mtaa wa Observatory, kumtunza bibi mmoja, Gogo Frida Zilber, maana huku bibi huitwa gogo. Gogo Frida alikuwa Myahudi aliyezaliwa Kaunas, Lithuania, mwaka 1935. Alikuwa mdogo, wakati wa vita vya Hitler, alipotoroshwa kwenye mtaa walimofungiwa Wayahudi, amefichwa ndani ya gunia la viazi. Watu wake ishirini na watatu hawakutoka. Katika nyumba yake viazi havikukaa kwenye gunia hata siku moja. Vilikaa kwenye beseni, wazi, vikionekana. Ulimi wake ulikuwa mkali. "Spès," alikuwa akisema, "chai hii imekufa mara mbili." Naye Spès alijibu, "Basi inywe upesi, Gogo, kabla hatujaizika." Binti yake Gogo, Naomi, alikuwa amehamia Haifa, Israeli, na walionana kwenye kompyuta.

Tarehe 28 Aprili 2014, saa tatu asubuhi, Spès aliingia na uji. Kwenye kompyuta ilionekana barabara kubwa ya huko kwa Naomi. Honi ya kutisha ya mji mzima, yaani king'ora, ilikuwa ikilia, magari yamesimama katikati ya njia, na watu walikuwa wakifungua milango na kushuka, mmoja mmoja, wakisimama pembeni ya magari yao mikono chini. Marehemu alijua anachokiona. Ametoka nchi ambayo mtu akishushwa garini na kusimamishwa pembeni, harudi kwenye kiti chake. Bakuli lilimponyoka. Alijitupa chini nyuma ya kochi, akashika sketi ya Gogo Frida na kuivuta. "Lala chini, Gogo. Lala chini, watakuona."

Gogo Frida hakulala. Alikuwa amesimama kama mti, machozi yanamtoka.

Honi ikanyamaza. Watu wale wakaingia magarini. Kwenye kona moja mtu aliyekuwa akinunua vitunguu alichukua chenji yake akaenda zake.

"Wamewaachia?" Spès aliuliza kutoka chini.

"Nani?"

"Wale waliowashusha."

"Hakuna aliyewashusha," alisema Gogo Frida. "Wameshuka wenyewe. Ni siku ya kuwakumbuka watu wetu waliouawa. Nchi nzima inasimama dakika mbili, halafu inaendelea na kazi. Sasa inuka, umenimwagia uji kwenye zulia."

Naomi alimweleza kwamba kwao honi ni mbili. Ikilia moja kwa moja bila kupanda na kushuka, unasimama. Ikipanda na kushuka, unakimbilia kwenye chumba cha zege, maana makombora yanakuja. Watoto wa shule ya chekechea wanazijua zote mbili. Baada ya ile ya kusimama, watu hukaa siku nzima wakisoma majina ya waliokufa, na baada ya ile ya kukimbia, hutoka, hufagia vioo, na kufungua duka.

Siku hiyo Spès alirudi Yeoville, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akamwambia Joséline kwa mara ya kwanza habari za lori na karatasi. Joséline akaelewa ya ofisini. Kisha mama akasema neno ambalo halijamtoka Joséline mpaka leo: "Wenzetu wanasimama dakika mbili halafu wanaendelea na kazi. Sisi tumeendelea na kazi miaka arobaini na miwili. Dakika mbili zetu ziko wapi?"

Tangu hapo kila mwaka alisimama na Gogo Frida. Gogo alimsumbua aandike wake. "Niandikie majina, Spès. Naomi atayasoma kule, hakuna atakayeuliza ni ya nani." Marehemu alikataa. "Kwetu jina likiingia kwenye karatasi, mwenyewe hapatikani tena." Gogo alimjibu kwamba hata kwao ilikuwa hivyohivyo, orodha zilipigwa kwa taipu nzuri sana. Marehemu bado alikataa. Mwishowe alisema kilichokuwa kikimzuia. Mmoja wa tisa hao hakuwa na jina. Alikuwa mtoto wa siku tisa, mdogo wake wa mwisho, naye aliuawa kabla hajapewa jina.

Gogo Frida akasema, "Sisi tunao wengi wa hivyo. Tunasoma, mtoto wa fulani."

Gogo alifariki tarehe 3 Novemba 2022. Kwa desturi yao wanaozika ndio hufukia, na Naomi alimpa Spès sepetu kabla ya wajukuu. Baada ya hapo marehemu aliuza mboga soko la Yeoville, lakini siku ya honi ilipofika, saa tatu kamili, Naomi alimpigia simu kutoka Haifa naye alisimama kati ya nyanya zake. Mwaka jana jirani yake wa meza, Mayasa, mama wa Tanga, alimuuliza, "Dada Spès, hao unawasimamia. Na wa Gaza je? Jana kwenye simu nimeona watoto."

"Nao wana majina," alisema marehemu. "Niletee, nitasimama."

Wiki iliyofuata Mayasa alileta majina mawili ya watoto. Marehemu alisimama nayo pia, miguu ikiwa imeshavimba.

Ilikuwa figo. Alianza kuumwa Agosti 2023, na mwaka huu ulipoanza hakuweza tena kupanda ngazi za kwenda ghorofani kwake, Thierry alimbeba. Tarehe 24 Aprili 2025 alisimama kwa mara ya mwisho, ameshika kiti. Honi iliponyamaza kwenye simu ya Naomi alimwambia Joséline, "Leta kalamu." Alitaja, Joséline akaandika, huku mtoto wake mchanga ananyonya. Alipomaliza alisema, "Siku ya kunizika uwasome. Watu wasimame. Sitaki kwenda kwa baba nimwambie nilikaa Johannesburg miaka kumi na sita na sikumtaja." Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na moja.

Sasa tazameni ratiba mliyonayo mkononi. Ukurasa wa nne una picha ya waridi. Hapo palikuwa pa majina. Jumanne, Mzee Valentin, mwenyekiti wa kamati ya msiba, alikuja nyumbani akasoma, akavua miwani.

"Mama Kelly," alimwambia Joséline, "huu ukurasa tuuache."

"Kwa nini, mzee?"

"Wewe umezaliwa kambini, hujui. Hapa tumechanganyika. Wapo waliopoteza watu mwaka ule, wapo waliopoteza mwaka mwingine, na wapo ambao baba zao walibaki salama, na hatuulizi kwa nini. Tunasali pamoja. Tunazikana. Ukisoma orodha, kila mtu ataanza kumtazama jirani yake."

"Mama hakutaja aliyeua. Ametaja waliokufa tu."

"Ukimtaja aliyekufa, aliyeua anakuja mwenyewe bila kuitwa." Mzee aliizungusha kofia mkononi. "Mimi pia ninao, wa mwaka tisini na tatu. Sijawasoma popote."

"Ni wangapi, mzee?"

"Wanne," alisema. Akaondoka. Karatasi zikaenda kuchapwa mtaa wa Marshalltown, na waridi mahali pa majina.

Hasemwi vibaya. Alitaka tuzike kwa utulivu, na utulivu huo ndio aliolelewa nao marehemu, wa kukata vitunguu. Aliishi nao miaka hamsini na tatu, na Joséline, aliyelala naye chumba kimoja, anajua haukuwa amani. Ulikuwa hofu iliyofundishwa adabu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Joséline na Thierry. Wajukuu watatu, Kelly, Glody, na Verédiana mwenye miezi minane. Rafiki yake Mayasa. Na Naomi wa Haifa, ambaye yuko kwenye simu hii anasikiliza. Hao ndio aliowaacha. Lakini yeye naye aliachwa, akiwa na miaka minane, na waliomwacha hawajawahi kusomwa kwenye msiba wowote.

Kwa hiyo tunaomba kila anayeweza asimame. Hatuna honi. Tutasimama dakika mbili hivihivi, na magari ya barabarani yatapita kama kawaida yake. Mwenye wake awataje moyoni, wa mwaka wowote, wa upande wowote. Mzee Valentin, wale wanne wana nafasi hapa.

Thaddée Ntirandekura, mwalimu.
Verédiana, mke wake.
Ntamavukiro, mama yake Thaddée.
Melchior na Barnabé, wadogo zake Thaddée.
Sylvère, miaka kumi na mitano.
Déogratias, miaka kumi na miwili, aliyeogopa mbuzi.
Godeliève, miaka mitano.
Mtoto wa Verédiana.

Jina la kumi atalisoma Thierry, naye atalisoma kwenye karatasi. Ninyi nyamazeni. Joséline ataitika, kwa sauti, mpaka wa nyuma asikie.

Spès Barampama.

Yupo.

Wapumzike kwa amani, wote kumi.