Dakika Kumi za Kauko Räsänen

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, saa tisa alasiri, Kauko Räsänen anavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na mmoja katika gereji yetu ya hapa Nurmes. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye miaka kumi na tisa, mimi Raakel wa mapokezi. Sirpa, bosi wetu, aliponiomba hakujua nilichomfanyia huyu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Kauko aliingia mwaka 1984 kubadilisha matairi ya majira ya baridi, kazi ya wiki mbili. Hakuna aliyekumbuka kumwambia wiki zimekwisha. Muda si mrefu wakagundua ana sikio, na sikio lenyewe si la gari linalokimbia. "Likikimbia, kila mtu fundi," husema. "Lisimamishe njia panda, ndipo utajua kama lina adabu."

Kwa magari ya zamani adabu hiyo huletwa na vali ya hewa ya sailensa, yaani ya mngurumo wa gari lililosimama, kidude unachoweza kukificha kwenye kiganja. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, mlango mkubwa wa hewa hujifunga na injini ingekufa kwa kukosa pumzi. Vali humfungulia mgonjwa kijia cha pembeni, kwa kipimo, apumue. Ukiwasha hita na taa, huongeza kidogo. Ikijaa masizi, gari hutetemeka, hunguruma kwa kupanda na kushuka, kisha huzimika mbele ya kadamnasi. Kauko amesafisha mamia ya vali hizi. Moja aliisafisha kwenye harusi ya binti yake, baada ya kulisikia gari la bwana harusi likikohoa nje ya kanisa. Katika picha zote mkono wa kulia wa shati lake ni mweusi, na anatabasamu kuliko maharusi.

Kwa miaka yote hiyo hakuna gari lililorudi kwake na ugonjwa uleule. Yeye hakuwahi kujisifia. Sisi ndio tuliomsifia kwa wateja kila siku, mpaka sifa ikawa mzigo mgongoni mwake.

Januari akaja Aune Tolvanen, mama anayewapelekea chakula cha mchana wazee kumi na mmoja wa kandokando ya ziwa Pielinen. Gari lake lilizimika kila njia panda. Kauko akasafisha vali. Siku mbili, likarudi. Akasafisha tena, likarudi. Akafunga vali mpya, likarudi.

"Kauko, supu ya samoni imemwagika mara tatu," Aune alimwambia mbele ya meza yangu. "Mimi nakuvumilia. Wazee wangu wana njaa, hao hawavumilii."

"Sikio limekwisha, Aune. Tafuta fundi mwenye masikio."

Kesho yake alimwomba Sirpa amruhusu astaafu Machi badala ya vuli. Alisema hataki keki wala hotuba, atapitia mlango wa nyuma. Iliniuma sana kumwona mtu wa namna ile akiondoka kama aliyefukuzwa.

Ndipo nikapewa kazi hii. Wiki iliyopita nilikaa naye kwenye kahawa na daftari langu, nikamuuliza vali hutengenezwaje.

"Ukishaigusa, kompyuta ya gari inakuwa imesahau kipimo cha pumzi," alisema bila hamu. "Kwa hiyo unaliacha lingurume lenyewe. Hita umezima, redio umezima. Dakika kumi, asiliguse mtu. Linajifunza upya. Mimi naliacha uani, nakuja kunywa kahawa."

"Na mtu akilizima katikati?"

"Nani azime gari la watu?"

Ni mimi. Mwanzoni mwa Januari jirani aliandika barua kulalamikia moshi, nikakabidhiwa kusimamia sheria uani kwetu: gari lisingurume bure zaidi ya dakika mbili. Sikuuliza kama la matengenezo limo. Kila mara gari la Aune lilipoachwa nje, dakika ya pili nilitoka nikalizima. Na kwa kuwa sisi watu wa hapa ni heri tukanyage theluji kuliko kumwambia mwenzetu amekosea, kahawa ilipokaribia kwisha nilitoka tena nikaliwasha, Kauko asijisikie vibaya. Alilikuta linanguruma kama alivyoliacha. Akaridhika, akampa Aune ufunguo.

"Kauko," nikasema, "ni mimi." Nikamweleza yote.

Aliweka kikombe chini. Akaitazama miguu yangu.

"Mama Sheria," akasema hatimaye, "ulitoka na viatu vya ndani?"

"Ndiyo."

"Kwenye theluji?"

"Mara sita."

Akacheka. Miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti, na alicheka mpaka akashikilia mashine ya kahawa. Akampigia Aune simu alete gari. Akaifungua vali, akaifunga upya, akaliwasha gari, akaniketisha kwenye kiti cha dereva, akaniamuru: "Kalia mikono yako." Tukakaa dakika kumi. Mshale ukapanda, ukashuka, ukatetemeka, ukatulia kwenye mizunguko mia nane kwa dakika. Nililia kidogo, nakiri.

Aune akaondoka na vyakula vyake. Penye alama ya kusimama akasimama, na gereji nzima tulikuwa dirishani. Mvuke uliendelea kutoka nyuma ya gari: halikuzimika. Akakata kona, akaenda zake.

"Sikio lipo," akasema Kauko, akaenda mwenyewe kuagiza keki ya mkate na samoni, ile ya chumvi ya sherehe zetu, ya watu thelathini. Sirpa alimsihi abaki hadi vuli. Akakataa, akisema barafu ya Pielinen bado inabeba mtu, na chini yake kuna samaki. Ataondoka kwa mlango wa mbele.

Basi, wateja wote mjue: zile mara tatu si za Kauko, ni zangu. Penye magari yaliyorudi, mwandikieni sifuri.

Asante, Kauko, kwa masikio yako na kwa kicheko kile. Sote hapa tunakuombea afya, samaki wengi na asubuhi zisizo na haraka. Na popote utakapoketi ukinguruma polepole, asitokee mtu wa kukuzima.