Dkt. Devota Kabagwira, Aliyehamisha Darasa

Ndugu mliofika kuzika nasi, familia inawasimulia kwa ufupi safari ya mpendwa wetu.

Devota alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Kayanga, Karagwe, nchini Tanzania, kitinda mimba wa Mzee Bayingana na marehemu mama Mugeni, akaanza shule mikononi mwa baba yake, ambaye alikuwa mwalimu, hadi familia iliporejea Rwanda mwaka 1996. Alisomea kemia chuo kikuu huko Huye, akaanza kufundisha chuo kikuu hapa Kigali mwaka 2009, akapata udaktari wake Dar es Salaam mwaka 2015, na mzee hakumficha mtu kwamba anamsubiri profesa.

Tarehe 21 Julai 2012 aliolewa na Bwana Mutsinzi, na mliokuwepo kwenye gusaba, sherehe ya kuposa, mnakumbuka msemaji wetu, kwa agizo la mzee, alivyokataa kumtoa binti mpaka wakwe waahidi hadharani kwamba hawatamtoa darasani, tukacheka na kupiga makofi, kumbe mzee hakuwa anatania. Walijaliwa watoto wawili, Kaze na Shimwa.

Mwaka 2021 aliacha chuo, akaingia kiwanda cha dawa huko Masoro, maana alichoka kuona kila utafiti wake unaishia kwenye karatasi ilhali watoto wanaumwa, alitaka dawa aishike mkononi. Uamuzi ulikuwa wake mwenyewe, lakini mzee aliona ahadi imevunjwa, akamnunia mkwewe, asikanyage tena nyumba yao ya Ndera, naye Mutsinzi akabeba lawama isiyo yake bila kujitetea.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 10 Februari mzee alikwenda hospitali, akakuta vijana wa kiwandani wamezunguka kitanda, Devota anawafundisha kwa sauti iliyokwisha nguvu, na walipotoka akamshika baba yake mkono, akasema, "Baba, darasa sijaacha, nimehamisha tu." Mzee alirudi nyumbani na neno hilo. Asubuhi alivaa koti lake la ualimu, akarudi na jibu, akakuta shuka limefunika uso, kwani Devota alikuwa ametutoka alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Imetuuma, na bado inatuuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ndera mliotupikia, walimu wa chuo na wenzake wa kiwandani mlioketi leo pamoja.

Mzee ameketi hapo mbele, amemshika Mutsinzi mkono, hawezi kusimama, ameomba jibu lake lisomwe kwa niaba yake: "Devota, nimekuelewa."

Pumzika kwa amani, mwalimu.