Grisi Niliyojipaka

Thierry, Sylvie, mukaribie, mukae hapa kitandani. Kile kiti mukiache, muguu wake umeisha kama miguu yangu. Munganga amekataza nisiongee, lakini yeye ni mutoto wa juzi, na haya maneno siwezi kumuachia yeye awaambie.

Nyumba hii ni yenu wawili, makaratasi yake yako ndani ya valizi ya marehemu mama yenu. Karakana ninamotengeneza mbabula za makaa na nyundo yangu ya reli ni vya Sylvie, maana yeye njo alikaa na mimi akajifunza kukunja bati, na mutu asiseme eti ni kazi ya wanaume. Tena kuna Déogratias, chefu wangu wa zamani kule reli, aliyesoma jina langu kwenye liste ya wanaofukuzwa. Nimemununia miaka makumi mbili na tisa, hata kwenye kilio cha mama yenu sikumupa mukono. Akikuja kunizika, mumupe kiti cha mbele. Liste alipewa tu, asome.

Kazi yangu ilikuwa kupima magurudumu ya mabehewa: unagonga na nyundo, unasikiliza kama chuma ni kizima ao kimepasuka. Siku ile jina liliposomwa nilishindwa kumuambia mama yenu, kwa sababu alikuwa na mimba yako, Thierry. Kwa hiyo kila asubuhi nilivaa salopeti yangu ya kazi, nikabeba chakula alichonifungia, nikaenda kukaa nyuma ya kituo mpaka saa kumi, na mbele ya kurudi nilichota grisi kwenye behewa bovu nikajipaka kifuani. Miezi mitano! Na Victorine mama yenu, na tumbo lake lile, anainama kufua.

Siku moja akaniambia polepole: "Papa Sylvie, grisi ya kazi inaingia mpaka kwenye kucha. Hii yako iko kwa nguo tu. Najua tangu zamani. Uache sasa, mugongo unaniuma."

Siku ya liste sikulia. Siku hiyo nililia. Kesho yake akanitafutia pipa la mafuta, akasema, kata. Mbabula ya kwanza ilipinda vibaya sana, tukaipikia vile vile. Minerval yenu yote ya shule imetoka kwenye mapipa.

Sylvie, maji. Kidogo tu.

Thierry, mwanangu. Wiki tatu sasa unaingia hapa jioni, unasema umetoka kwenye kiwanda cha unga, shati jeupe kabisa kwa unga. Mutu anayesaga, unga unamukaa kwenye nyusi na masikio, anaonekana muzee kuliko mimi. Wewe shati ni jeupe, nyusi ni nyeusi. Usiinamishe kichwa. Sikukasirikii hata kidogo, nakuonea huruma mpaka moyo unauma, maana pale nyuma ya kituo mimi napajua. Kiwanda kimepunguza watu, si kosa lako. Ila huo unga unaojimwagia, papa, si watoto wangesongewa bukari wakala?

Mashini unazijua kwa kusikiliza, kama mimi magurudumu. Kule Zongwe Mama Françoise ana mashini ya kusaga, imelala tangu mvua ilipoanza, wanawake wanatwanga kwa mikono. Nimemutumia habari kwamba mwanangu atakuja na boti ya Jumatatu. Utaitengeneza, na ukishindwa utatafuta ingine. Lakini usipande ile boti kama muke wako hajui.

Joëlle yuko nyuma ya nyumba, anafua. Namusikia anasugua. Ni shati lako.

Enda umuambie. Akilia, umuache alie. Akikasirika, umuache pia, ana haki. Kisha murudi wote wawili, niwawekee mukono kichwani. Mungu awe... Mungu awatangulie njiani, wewe na dada yako, na watoto wenu, musikose... Nitamalizia mukirudi.

Sylvie, nifunike miguu. Baridi imefika magotini.

Bado umesimama? Enda, papa. Nguvu ya kuwangojea ninyi wawili, hiyo bado ninayo.