Shairi Lililomsemea Mama Achola

Hili sikuhadithiwa. Nilikuwepo kwa macho yangu mawili, na Kaloleni nzima inajua macho yangu hayapitwi. Saa nne asubuhi, Dalmas fundi baiskeli alifika kwenye benchi la Obeid muuza kahawa akiwa amefura. Redio ilikuwa imesoma shairi la Calvince, mwalimu wa Milimani aliyekwenda kijijini Pap Onditi siku moja, akanywa uji kwa Achola, mama yake Dalmas, akarudi na daftari limejaa. Lilisema: "Mimi Achola, namwachia mkazamwana mbegu ya kwanza, acheke yeye, mimi nitazame."

— Mstari mtamu huo, alisema Obeid akimimina.

— Mtamu kwako! Kwetu mama wa boma ndiye hupanda kwanza, wake za watoto wanafuata. Ukigeuza umeita chira, laana iingie nyumbani. Sasa majirani wanasema mama amekiri mwenyewe. Wale mama wa palizi wamekataa kukanyaga shamba lake. Magugu yamefika kiunoni!

— Si angeandika "yeye"? Obeid aliuliza.

— "Yeye" haina moto, alidakia Gordon, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kortini mara moja. Lakini "mimi" kwa redio ni kiapo, omera, ndugu yangu. Mama amejifunga.

— Hajafungua mdomo!

— Mshairi ameukodi. Sheria inaruhusu.

— Sheria gani, wewe? Mtu anachoka na maua yake huko Milimani kwa matajiri, anavaa leso ya mama yangu, anacheka shambani! Nani hucheka akipanda? Mgongo unawaka!

— Basi angempa ng'ombe aseme hiyo "mimi," Obeid akasema. Ng'ombe hana chira.

— Ng'ombe akikiri redioni, Wakili akajibu kwa uzito, anachinjwa.

Dalmas akasimama, kikombe mkononi. Anakwenda Milimani sasa hivi, lango ataruka. Calvince ataenda redioni aseme alidanganya, mama alipanda kwanza kama kila mwaka!

Lorine, muuza mapera aliyetua karai lake hapo kupumzika tu, akauliza:

— Kwani mwaka huu ulimwona akipanda, baba?

Mvua ya Machi ya kupandia ilimkuta Dalmas hapa mjini, ameinamia baiskeli za watu. Mkazamwana wa shairi ni mke wake mwenyewe. Mke huyo alipopiga simu kusema wamemaliza kupanda, Dalmas alijibu "sawa," akakata.

Benchi zima likamtazama. Akakipasua kikombe cha Obeid ukutani.

Haya, hapo kwenye kikombe nimeongeza mimi. Alikiweka chini polepole, akatoa simu, akalitazama jina la mama bila kulibonyeza.